Siku Isiyo na Mwenyewe

Tulimaliza matanga ya mdogo wetu Tatu siku ya Alhamisi. Ijumaa asubuhi, wageni walipokwisha kutawanyika na masufuria ya kuazima kurudishwa kwa wenyewe, mimi na mdogo wangu Zaina tulibaki wawili chumbani kwa marehemu, pale Ujiji, tukikunja nguo zake za kugawa. Tatu alikuwa kitinda mimba wetu. Chumba chake kilikuwa safi kuliko nilivyotegemea kwa mtu aliyeugua miezi sita: kitanda, kabati la mbao lisilofunga vizuri, mkeka wa kuswalia, na dirisha moja linalotazama njia ya watu. Zaina alipiga magoti kuvuta viatu chini ya kitanda, akatoka na kopo la maziwa ya unga, la zamani, lenye kutu ukingoni. Akalitikisa, akanipa mimi nilifungue. Ndani mlikuwa na maharagwe mekundu, meupe na ya madoadoa, yamechanganyika, makavu kama kokoto, mengine yametobolewa na wadudu. "Akisikia gari limesimama nje," Zaina akasema, "anayamwaga kwenye sinia, anaanza kuchambua. Mpaka na uzee huu. Watoto wake walikuwa wanamcheka." Mimi sikucheka. Ni mimi niliyemfundisha.

Mwaka wa sabini na mbili nilikuwa na miaka kumi na saba, na tulikuwa wanne katika nyumba ya vyumba viwili huko Rumonge, Burundi, mtaa wa Waswahili, karibu na ziwa kiasi kwamba upepo ukigeuka chakula kinanuka ndagala, yaani dagaa. Wazazi walikwisha kutangulia mbele ya haki, na habari zao si za hapa. Tulipoimbishwa nyimbo za uhuru nilikuwa mtoto wa miaka saba, na walituambia kila mtoto atasoma. Nilisoma mpaka darasa la tatu, halafu nikaenda kuanika ndagala mchangani ili mwingine asome badala yangu. Mwingine huyo ni Rajabu, ndugu yetu wa pili. Alikuwa na miaka kumi na tano na alikuwa ameshinda konkuri, mtihani wa kuingia kolezi, shule ya sekondari, mmoja tu katika mtaa wetu mwaka ule. Zaina alikuwa na miaka tisa, Tatu mitano.

Masika yalikuwa hayajaisha vizuri vita vilipoanza, na vilianzia kwetu, pwani ya ziwa. Watu waliuawa, halafu wengine wakauawa kwa kulipizia wale wa kwanza, na kulipiza huko hakukwisha. Wengine wameyaandika hayo vizuri kuliko nitakavyoweza. Mimi ninachokijua ni cha ndani ya ua wa matete. Rajabu alirudi kutoka kolezi kwa miguu, akipita Kabezi na Muhuta, siku mbili njiani, viatu amevifunga kamba na kuvitundika shingoni visije vikalika. Aliingia, akavishusha viatu pembeni ya mtungi, akanywa maji vikombe vitatu.

"Wametupa vakansi," akasema, yaani likizo.

"Mpaka lini?"

"Hawakusema, Dada. Padri alitwambia tu muende."

Siku za kwanza nilishukuru. Niliona nimepata mikono ya kuteka maji na kupasua kuni. Kisha nikaona nyumba inavyooza. Mchangani kulikuwa kumefungwa, mitumbwi imevutwa juu, hakuna aliyetoka kuvua, kwa hiyo hata kazi yangu ilikufa. Nusu ya mtaa ilikuwa imehama au imechukuliwa, na kila siku nyumba moja zaidi ilikuwa haitoi moshi. Tulikula ugali wa muhogo na sombe, kisamvu chetu, ya mawese, kesho yake sombe bila mawese. Watoto hawakutoka nje. Tatu akaanza kuuma watu, Zaina akaacha kusema, na Rajabu alilala akitazama ukuta tangu asubuhi mpaka jua linapotua. Hofu ilikuwepo, lakini hofu huja na kuondoka. Kilichokuwa kinawala ni siku yenyewe, ndefu, isiyo na vipande, unayoamka ndani yake na hujui ushike wapi. Nikasema moyoni, sina chakula cha kuwapa na sina baba wa kuwapa, nitawapa siku.

Sikuwa na saa wala sikujua ratiba ni nini. Nilijua kazi moja, kuanika ndagala, na nikaichukua hiyo kama ilivyo. Wale samaki wadogo hawafuati saa. Asubuhi unawatandaza mchangani jua likiwa bado changa. Hiyo ni kuanika. Wakishika rangi juu unawapindua, upande wa chini nao upate jua, na hakuna anayekuambia muda gani, unatazama tu. Hiyo ni kugeuza. Jioni kabla ya umande unawakusanya, na hiyo ni kuanua. Likitokea wingu katikati ya mchana, unaacha vyote, unaanua mbio, na wingu likipita unaanika upya bila kunung'unika, maana anayenung'unikia wingu samaki wake wanaoza. Basi niliigawa siku ya watoto mafungu hayo matatu. Asubuhi tulikuwa tunaanika: mikeka nje, ua unafagiwa, kila mtu ananawa na kuswali. Mchana tulikuwa tunageuza: aliyefanya kazi ya kukaa anafanya ya kusimama, aliyekuwa peke yake anakaa na mwenzake. Jioni kuanua: vyombo, kuni, watoto, hesabu ya vichwa, mlango. Katikati ya mafungu hayo kila kitu kiliweza kuhama. Njia ya ziwani ikiwa shwari tunateka maji asubuhi. Isipokuwa shwari tunasuka ukili na maji yanangoja. Tatu akiamka na homa, siku nzima inamfuata yeye.

Na kila siku ilikuwa na mwenyewe. Hilo nalo nililitoa mchangani, ambako wanawake walipeana zamu ya kuamua nani aanike wapi, ili pasiwe na wa kulalamika. Nilitoa zamu kwa hao watatu: leo Rajabu, kesho Zaina, kesho kutwa Tatu, halafu tunaanza tena. Mwenye siku ndiye anayechagua kinachotangulia, nani akae na nani, na hadithi gani isimuliwe wakati wa kuanua. Mimi sikujipa zamu. Siku ya kwanza ya Tatu aliamua tuoge kabla ya uji, kisha akaamua Rajabu awe mbuzi.

"Mbuzi anafanya nini?" Rajabu akauliza.

"Anafungwa."

"Anafungwa wapi?"

"Kwa Dada."

Akafungwa kwa kitambaa kwenye mguu wa kinu changu, mwanafunzi wa kolezi, akala majani ya muhogo yaliyonidondoka, na Zaina, ambaye hakuwa amesema neno wiki nzima, akamwambia, "We mbuzi, iko na ndevu?" Nilijifanya natafuta kitu ndani ili wasinione uso. Nakumbuka nilidhani siku ile kwamba nimeweza.

Kwa ajili ya wingu nilikuwa na yale maharagwe. Shangazi mmoja wa Kizuka alikuwa ametuletea kibaba kabla ya njia kufungwa. Nilikataza yasipikwe. Nikisikia gari, nilikuwa nasema "Wingu," kwa sauti ya kawaida kabisa, na watoto wote wanaacha walichoshika na kuingia chumba cha ndani, kile kisicho na dirisha. Sinia liko tayari. Wanachambua maharagwe gizani kwa vidole, mekundu huku, meupe huku, ya madoadoa katikati, bila kusema. Rangi huwezi kuiona gizani. Walikuwa wanakisia, na gari likipita tunafungua mlango na kucheka nani kakosea zaidi. Kisha tunayachanganya tena kwa ajili ya wingu lingine. Siku moja mawingu yalikuwa saba. Tatu alikuwa hajui kwamba ni kitu kingine zaidi ya mchezo, au ndivyo nilivyoamini mpaka Ijumaa ile ya kopo.

Kitu kimoja tu hakikuhama. Baada ya swala ya adhuhuri, nilipokaa kwenye kinu kutwanga sombe, Rajabu alikuwa anasoma. Alikuwa amerudi na kitabu kimoja cha Kifaransa na kaye mbili za kuandikia. Hata kama siku ni ya Tatu, hata kama kuna homa, kusoma hakuhami, maana nilijua vakansi itakwisha na kolezi itafunguliwa, na nilitaka akirudi akute hakuna aliyempita. Ndicho nilichokuwa nakipigania mwaka ule. Wengine walipigania nchi, sijui; mimi nilitaka Rajabu aingie darasani mwezi wa tisa akiwa hai na akiwa wa kwanza.

Na nilitaka asome kwa sauti. Sisi tulisomea chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, na chuoni kusoma ni sauti. Watoto arobaini kila mmoja na sura yake, mtaa mzima unasikia, na anayekaa kimya huku midomo imefungwa mwalimu anamfikia na fimbo, maana kimya ni cha mvivu. Kusoma kwa macho sikukujua. Kifaransa chenyewe sikukijua ila bonjuru na mersi. Sikuweza kumkagua kwenye kaye. Kitu pekee nilichoweza kumshikia ni sauti. Ikiwepo, anasoma. Ikikatika, nagonga mchi ukingoni mwa kinu, na inarudi.

"Dada," aliniambia mara moja, "kule kolezi tunasoma na macho. Inatosha."

"Macho yako nitayasikiaje?"

"Niamini tu."

"Nakuamini. Soma."

"Basi hata kidogo kidogo, chini chini."

"Mchi utakumeza. Soma nisikie, Rajabu. Mimi niliacha shule ili nisikie."

Nilimwambia hivyo. Hakubisha tena. Alikaa mlangoni pa ua, Zaina pembeni yake akichagua mboga, akasoma kwa sauti nzuri, ya kupanda na kushuka, kama mtu anayeita watu waje. Nilitwanga kwa kufuata mapigo yake. Niseme kweli hata kama inaniaibisha: ile ndiyo saa niliyokuwa naingoja siku nzima. Niliona nyumba yetu ni ya watu.

Jirani yetu wa upande wa ziwa alikuwa Mama Shabani, mwanamke mkubwa wa mwili, muuza mawese, mwenye mtumbwi wa injini aliouacha mumewe. Mwanawe Shabani alikuwa ameshindwa ile konkuri aliyoishinda Rajabu, na tangu siku hiyo salamu zetu zilikuwa na miba. Akipita anasema, "Amahoro kwa wasomi," nami namjibu, "Amahoro kwa wenye mafuta." Mwezi wa sita katikati alinitokea juu ya ua, kichwa tu, khanga imefungwa taya kama mwenye jino bovu.

"We Mwajuma. Redio yako ina nguvu sana."

"Redio gani, mama? Sina redio."

"Hiyo inayokamata Ulaya kila mchana. Ipunguze kidogo."

"Ikikukera ziba masikio."

"Hainikeri mimi, mwanangu. Nimekwambia ipunguze."

"Ya kwako ingeshika stesheni ungeipunguza?"

Nilitegemea matusi, maana ulimi wake ulikuwa unajulikana mpaka sokoni. Hakutukana. Alisema tu, "Haya," na kichwa kikashuka. Nilifurahi. Nilidhani nimemshinda. Muadhini wetu mwenyewe alikuwa ameipunguza adhana wiki ile, akiitoa ndani ya msikiti, kwenye kona, kama anayemnong'oneza mtu, na sisi sote tulijua kwa nini. Mwaka ule kujua kusoma kulikuwa kosa. Walimu walikuwa wamekwisha kuchukuliwa, na karani wa zoni, ile ofisi ya serikali, na yule kijana aliyeandikia watu barua. Nilijua. Mtu asinisaidie kwa kusema sikujua. Lakini niliyajua hayo kwa upande mmoja wa kichwa, na kwa upande mwingine nilimsikia jirani mwenye kijicho, na pande hizo mbili hazikukutana mpaka nilipokuwa nimechelewa.

Siku yenyewe ilikuwa ya Zaina. Alikuwa amechagua tuanze na kusuka, kwa sababu upepo ulikuwa unaleta vumbi, lile vumbi la kiangazi linaloficha milima ya Kongo kana kwamba ng'ambo ya ziwa hakuna kitu. Tulikula mapema. Nikakaa kwenye kinu, Rajabu akaanza. Gari halikuja, ningelisikia labda, hata juu ya mchi. Walikuja watatu kwa miguu, na walitoka upande wa ziwa, ambako hakuna njia, wakipita katikati ya uchochoro wa Mama Shabani. Matete yalisogea nyuma yangu. Mmoja alikuwa amevaa koti refu katika joto lile. Alisalimia vizuri kabisa, amahoro, tukaitikia amahoro.

"Nani anasoma hapa?" akauliza kwa Kirundi.

Na mimi, kabla sijasimama, mchi bado mkononi, nikajibu, "Ni mdogo wangu. Yuko kolezi."

Nimeishi na sentensi hiyo muda mrefu kuliko nilivyoishi na mume. Naujua uzito wake. Nilipoitamka, kidevu changu kilipanda.

Yule wa koti alitikisa kichwa kama aliyeridhika. Alisema kuna karatasi zimewashinda kule ofisini, wanahitaji mtu wa kuzisoma, ni za muda mfupi tu. Rajabu alifunga kitabu. Aliniangalia, na sikuona hofu usoni mwake, niliona subira, kama ya mtu mzima anayengoja mtoto amalize kuvaa. Aliuliza kama aje na kaye. Wakasema aje nayo. Akavaa vile viatu vya kolezi, ambavyo tangu afike havikuwa vimekanyaga chini. Mimi nikaingia ndani kumletea shati la vifungo, kwa sababu anakwenda ofisini, nikamfunga kifungo cha juu kwa mkono wangu. Mikono yangu ilinuka sombe. Alisema, "Inatosha, Dada." Walimpitisha kulekule kwenye matete. Tatu alikuwa amekwisha kuingia chumba cha ndani mwenyewe, bila mtu kusema wingu, na nilimkuta gizani na sinia mapajani.

Kesho yake ilikuwa siku ya Tatu. Hakuchagua kitu, nilichagua mimi. Keshokutwa ikawa siku ya Rajabu. Tulianika mikeka, tukafagia, tukanawa, tukakaa kumsubiri mwenye siku aseme. Nilidhani nikishikilia utaratibu, utaratibu utamrudisha, kama vile unavyoacha mlango wazi kwa mnyama wa nyumbani. Jua likafika juu. Zaina akasema, "Kwa hiyo leo hakuna." Tuliketi tu mpaka kuanua. Ningeweza kuiruka zamu hiyo, watoto wawili wakabadilishana, lakini sikuweza kuitoa kwa mtu mwingine. Basi kila siku ya tatu katika nyumba yetu ikawa haina mwenyewe. Hakuna kilichotangulia kingine. Hakuna hadithi. Nilikwenda ofisini mara nne. Mara ya kwanza waliniambia hawamjui, mara ya pili waliniambia amepelekwa Bujumbura, mara ya tatu mlinzi aliniomba maji ya kunywa, mara ya nne aliniambia kwa upole nisirudi tena, nina watoto nyumbani.

Mama Shabani alikuja mwenyewe, safari hii kwa mlangoni. Alikuwa amekwisha kuuza mapipa yake. Alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akawatazama wasichana.

"Naondoka alfajiri na Shabani. Kigoma. Nina nafasi ya watoto wawili. Na wewe ukijibana."

"Na Rajabu akirudi?"

Akageuka kuutazama mlango.

"Nani atamfungulia mlango?"

"Mwajuma," akasema, "mimi nilikwambia upunguze redio. Nilisema kwa kejeli kwa sababu ndivyo tulivyozoea kusemezana mimi na wewe. Ningekuja hapa nikae hivi, nikushike mkono, ungenisikia?"

"Sijui, mama."

"Mimi pia sijui. Fungasha watoto."

Nilifungasha nguo na nusu ya maharagwe. Tatu alikataa kubebwa na mtu mwingine, nikambeba mimi mpaka majini, maji yakanifika kiunoni, nikamweka ndani ya mtumbwi. Zaina aliuliza kesho siku ni ya nani. Nikamwambia ni yake, na ya kesho kutwa ya Tatu, na wasiache zamu. "Na ya Rajabu?" Nikamwambia hiyo nabaki nayo mimi. Mashine ikawaka. Mama Shabani hakunipungia mkono. Alikuwa amemshika Tatu kwa mikono yote miwili. Nilisimama majini mpaka sauti ilipokwisha, halafu nikarudi nyumbani, nikaanika mkeka mmoja.

Shule zilifunguliwa. Niliona watoto wachache wakipita na mabegi, wachache mno, na barabara ilivyokuwa pana. Mimi sikuhama. Watu wamenishauri, nimeolewa na kuachika, nyumba imeezuliwa na upepo mara mbili, vita vingine vimekuja na kupita, na nimebaki katika vyumba vile viwili kwa sababu ni anwani anayoijua Rajabu. Wanaume wa umri wake sasa ni babu wenye mvi, na mlango wangu wakibisha sitawatambua, najua hivyo. Najua pia kwamba hakuna atakayebisha. Haikunizuia kukaa. Wengine huita hiyo imani. Sidhani ni imani. Ni kwamba sikuwa na kitu kingine cha kumfanyia.

Hayo yote Zaina anayajua, tumeyasema mara nyingi katika safari zangu za Ujiji. Lakini Ijumaa ile, kopo likiwa kati yetu kitandani, aliacha kukunja gauni alilokuwa ameshika.

"Dada, kuna kitu nimekiweka. Nilikuwa nasema nitakufa nacho. Sasa naona Tatu katangulia, na mimi sukari haishuki."

"Sema."

"Rajabu alikuwa hageuzi karatasi."

"Karatasi gani?"

"Ya kitabu. Mimi nilikuwa nakaa naye pale na mboga. Ukurasa mmoja, kila siku ule ule. Alikwisha kuuhifadhi wote. Nikamuuliza, kaka, mbona husomi mbele? Akanambia, Dada anataka sauti, nampa sauti. Macho nayataka mimi." Alilaza gauni mapajani. "Alikuwa anaangalia njia. Kwenye tundu la matete. Wewe ukiwa kwenye kinu husikii gari, Dada. Alijua. Saa ile yote alikuwa anatulinda sisi."

Njia aliyoiangalia ilikuwa ile ya magari. Wao walitoka ziwani, nyuma yake, na walifuata sauti.

Nje watoto walikuwa wanasukumana, pikipiki ilisimama na kuondoka. Nilifikiri juu ya ile michana yote, nilivyotwanga kwa kiburi nikidhani mtoto anasonga mbele, darasa baada ya darasa, na yeye alikuwa amesimama mahali pamoja kwa makusudi.

"Umewahi kumwambia mtu hii?" nikauliza.

"Hakuna. Na ukurasa wenyewe naujua. Umenishika tu, sijui una maana gani."

Akaanza. Mwanamke wa miaka karibu sitini, hakusoma shule yoyote ya Kifaransa, ameketi kitandani kwa mdogo wake aliyekufa, akautoa ukurasa wote na sauti ya Rajabu ndani yake, ya kupanda na kushuka, na pale alipokuwa akivuta pumzi, akavuta. Ilikuwa na nguvu kama zamani. Mpita njia mmoja aligeuza kichwa.

"Zaina," nikamwambia. "Punguza sauti."

Alinyamaza. "Atusikie nani, Dada?"

Niliinuka nikafunga dirisha, nikarudi kukaa, karibu zaidi, magoti yetu yakagusana.

"Anza tena," nikamwambia. "Kwa macho."

Zaina akafumba macho kidogo, akayafumbua, akaanza tangu juu, midomo tu ikicheza bila sauti. Nami nikakaa nikiitazama midomo yake, mstari kwa mstari, mpaka ilipofika chini ya ukurasa ikatulia.